Kigari cha gofu cha mizigo kimelala miaka 4, nataka kukifufua kibebe samaki. Nianzie wapi?

mtoto_wa_Igombe

Mwangaluka wadau. Naomba msaada kwa mwenye uzoefu na hivi vigari vya gofu, siyo vile vya abiria, hiki changu ni cha kazi, mbele viti viwili na nyuma kina bodi ya kubebea mizigo. Ni Club Car ya umeme. Nimekinunua kwa hoteli moja ya ufukweni, walikuwa wanabebea mashuka na mabegi ya wageni, wakaja kukiegesha chini ya mwembe na hakuna aliyekigusa tena miaka 4.

Kazi ninayotaka kifanye ni hii. Mama ananunua sangara na sato hapa mwaloni Igombe, Mwanza, samaki wanaposhushwa kutoka ziwani, kutoka majini mpaka kwenye banda letu ni kama mita 400 na zote ni kupanda, mwanzo mchanga halafu kokoto na mawe yetu haya. Sa hivi barafu inashuka kwa vichwa vya vijana na samaki wanapanda kwa vichwa vilevile, na jua la saa 7 mchana mnalijua, samaki akichelewa kidogo tu mashavu yanaanza kupauka na mnunuzi akifunua akaona anakata bei palepale. Mama anaumia sana na hilo jambo na mimi linaniuma.

Nilivyonyanyua kiti nimekuta betri 6, kila moja ina vifuniko 4 vya kuwekea maji, ndani kukavu, sahani zinaonekana. Vichwa vya betri vimeota unga mweupe na kijani, waya mmoja umeliwa umebaki nyuzi chache. Nikichomeka chaja haifanyi kitu, wala haiungurumi. Nikikanyaga pedeli kimya.

Nilichopanga: nichomelee bodi kubwa zaidi, niweke tairi za inchi 22 kiinuke kipite mchangani, nipige rangi ya bluu, halafu ndo niingie kwenye betri. Nipo sawa au naanzia mkiani?

FundiBetri_Nyakato

Mkuu unaanzia mkiani, ila hujachelewa maana hujatoa hela bado. Rangi iache kabisa kwanza.

Hivyo vifuniko vinakwambia kila kitu. Kila tundu ni chumba kimoja cha volti 2, kwa hiyo betri yenye vifuniko 4 ni ya volti 8, mara 6 unapata 48. Ukiona za vifuniko 3 hizo ni volti 6. Nakwambia hivi ili asije mtu akakuchajia betri moja moja kwa chaja ya gari ya volti 12, utazichemsha hizo na gesi yake inalipuka.

Chaja yako kukaa kimya haimaanishi ni mbovu. Chaja nyingi za hivi vigari zinatafuta kwanza volti za betri, zikikuta ziko chini sana haziwaki kabisa, na watu wameshatupa chaja nzima kwa kutojua hilo.

Fanya hivi. Vua pete na saa, spana izungushie tepu mpini wote ubaki mdomo tu, maana ikigusa vichwa viwili itachomelea hapohapo mkononi mwako. Kama chini ya kiti kuna swichi imeandikwa Run na Tow, iweke Tow kabla hujafungua waya wowote. Piga picha waya zote kwa simu. Halafu chukua magadi yale ya kupikia maharage, koroga kwenye maji ya uvuguvugu, mwagia vichwa vya betri na trei yake, vifuniko viwe vimefungwa barabara maana magadi yakiingia ndani ya betri yanaua asidi. Itatoa povu sana, subiri litulie, suuza. Povu likiisha kabisa ndo ujue asidi imekwisha hapo.

Betri zilizokauka miaka 4 mimi nakwambia ukweli usizihesabie. Sahani zikikaa bila maji na bila chaji zinaota ukoko mgumu, hata uweke maji ya betri zitashika chaji ya uongo. Na usibadilishe moja moja, zimefungwa kwa mstari, moja mbovu inazivuta zote chini.

Kama volti 8 zinakusumbua kupata hapa mjini, weka 4 za volti 12 zile za sola za kuchajika na kuisha taratibu, kuanzia amp-saa 150, mara 4 ni 48 ileile. Za kuwashia gari usiweke, sahani zake ni nyembamba, kwa mlima wako hazifiki mbali. Ukikiendesha mpaka nusu ya chaji kila siku utatumia kama uniti 5 za LUKU kwa usiku mmoja.

chuma_na_grenda

Naongezea upande wa bodi maana hapo ndo watu wanaharibu.

Kabla hujamwita mchomeleaji chukua sumaku, hata ya spika mbovu, ipitishe kwenye chesisi. Isiponata hiyo ni alumini, na chesisi za Club Car ndivyo zilivyo. Kwa kukaa kwenye unyevu ni uzuri mtupu, ila fundi wa mtaani na mashine yake ya fimbo akigusa pale anatoboa chesisi yako, alumini inataka mashine yake na gesi yake. Wewe toboa ufunge kwa bolti, na kila mahali chuma cha bodi kinapokaa juu ya alumini weka mpira katikati, kata hata tyubu ya baiskeli, maana vikigusana pakiwa na maji alumini inaliwa polepole na hutaona mpaka siku imeachia.

Kingine ni maji ya samaki. Betri na kontrola, kile kisanduku kinachoongoza umeme wa mota, viko chini ya kiti, bodi iko nyuma yake, barafu ikiyeyuka inatafuta pa kwenda. Usijenge bodi tambarare. Mimi ningetafuta frija kubwa ya kulala iliyokufa, zimejaa kwa mafundi, natoa mashine yake nabakiza boksi, nalilaza lielemee nyuma kidogo, natoboa tundu kwenye kona na bomba linalomwaga nyuma ya eksili. Barafu haiyeyuki ovyo, samaki hawapigwi jua, na mama anaosha kwa ndoo moja ya maji.

Tairi za 22 achana nazo. Zako bila shaka ni 18. Ukienda 22 unapoteza karibu moja ya tano ya nguvu ya kuvuta, na wewe shida yako ni mlima. Baki na 18 ila tafuta pana yenye meno, punguza upepo kidogo. Hela ya tairi peleka kwenye springi za nyuma uongeze jani moja.

toyo_Buzuruga

Kwa nini asitoe huo umeme wote akafunga injini ya toyo, zile pikipiki za mizigo? Spea kila kona, fundi kila kona.

FundiBetri_Nyakato

@toyo_Buzuruga ndugu yangu, injini inaingia lakini lazima ukate chesisi ya alumini, utengeneze difu, klachi, tangi, ekzosi, hapo bora anunue toyo nzima. Mota yake huenda haina tatizo lolote, imelala tu.

mtoto_wa_Igombe

Wabeja sana wakuu. Nimerudi baada ya wiki 2.

Magadi nimemwaga mara 3 ndo povu likaisha, chini ya ule unga kumbe kulikuwa na bolti nzima kabisa. Betri za zamani nimezipima, nne ziko chini ya volti 2, nimeziuza kwa wanunua chakavu zote 6. Jirani mwenye sola akaniazima 4 za kujaribia, nikafunga kwa kufuata picha, nyaya nene nimebadilisha zote. Mita ikasoma 50.6. Nikakanyaga pedeli nikasikia TAA! chini ya kiti lakini kigari hakisogei.

FundiBetri_Nyakato

Safi sana, huo mlio wa TAA ni solenoidi inafunga, ndiyo swichi kubwa inayopitisha umeme wa betri kwenda kwenye mota. Nyanyua tairi za nyuma juu ya jeki, mtu akanyage pedeli, wewe pima kati ya zile bolti zake mbili kubwa. Inatakiwa isome sifuri au karibu na sifuri. Ikibaki volti nyingi, shaba ya ndani imeungua, inagonga lakini haipitishi. Nunua ya volti 48, usiweke ya starta ya gari.

mtoto_wa_Igombe

Ilisoma 49 na pedeli imekanyagwa. Nimeweka mpya jana jioni. WAKUU KIMETEMBEA. Nimekirudisha nyuma ule mlio wa kurudi nyuma ukaanza kulia, watoto wa mtaa mzima wakaja, mama akatoka na mikono ina magamba akapanda kiti cha pembeni tukazunguka banda mara 2. Sijamwona anacheka hivyo siku nyingi.

Mlimani bila mzigo kimepanda vizuri. Kushuka ndo nimeogopa, nikikanyaga breki kinavutia kushoto.

chuma_na_grenda

Usishushe barafu na hiyo breki hata siku moja. Hizo breki ziko tairi za nyuma tu na zinavutwa kwa waya, wa kulia umeshika kutu ndani ya mpira wake. Usiumwagie oili ukadhani umepona, badilisha waya zote 2 pamoja, fungua ngoma usafishe, pima unene wa breki shuu pande zote. Ukimaliza jaza mifuko ya mchanga uzito sawa na barafu yako, shuka nayo mwenyewe asubuhi mwaloni pakiwa hapana watu, usimame katikati ya mlima mara 3. Kikisimama mara zote 3 bila kuvuta upande, niletee picha nikupimie boksi la frija.