Tupeane uzoefu: mliopita shule za vipaji maalumu, ziliwajenga au ziliwavunja?

Mama Kitindamimba:
Habari zenu wadau. Kijana wangu kamaliza la saba na A zote sita, majina ya TAMISEMI, wizara inayopanga shule, yametoka kapangiwa shule ya vipaji maalumu, zile za bweni zinazochukua waliofaulu zaidi. Baba yake kafurahi mpaka kachinja jogoo, na mimi nimefurahi jamani, ila usiku silali. Ana miaka 13, hajawahi kulala nje ya nyumba hii hata siku moja, na sekondari ya kutwa ipo dakika kumi kwa miguu. Najua za serikali zipo saba tu nchi nzima, Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Tabora Boys, na za wasichana Kilakala, Msalato na Tabora Girls, kwa hiyo kuikataa hii nafasi naona kama namnyima riziki yake. Msiniambie "mpeleke tu", niambieni yaliyowakuta.

Kijana wa Nzega:
Shikamoo mama. Primary nilikuwa wa kwanza tangu la pili mpaka la saba, kijijini wananiita profesa. Nimefika fomu wani, mtihani wa kwanza wa hesabu nimepata 34, matokeo yakabandikwa, mimi wa 91 kati ya 108. Nilienda nyuma ya bweni nikalia, nikamwandikia baba barua anihamishe. Aliyeniokoa ni jamaa aliyekuwa analala kitanda cha juu yangu, baada ya prepo, yale masomo ya jioni, ananivuta darasani, anachora pembetatu ubaoni, ananipa chaki, anasema funga daftari nielezee wewe. Hivyo hivyo kila usiku mpaka fomu tuu. Nyumbani nisingempata mtu wa kunifanyia vile, sio kwamba wenzangu walikuwa wabaya, ila kule mimi ndiye niliyekuwa nawafundisha wao. Faida ya zile shule ni wenzako mama, ugali maharage ni ule ule wa kila mahali.

Binti Mfamasia:
Mimi na binamu yangu tulimaliza la saba pamoja, hesabu alikuwa ananizidi. Nikachaguliwa vipaji, yeye akapelekwa shule ya kata, sekondari ya kawaida ya hapo kwetu. Kwetu kwenye titresheni, lile jaribio la kemia la kupima asidi, tulikuwa tunashika biureti, ule mrija wa kioo wenye koki, kwa mikono yetu, unafungulia tone moja moja, macho kwenye chupa, mpaka ile njano igeuke rangi ya waridi, na ukizidisha tone moja unaanza upya. Yeye titresheni aliisoma kwenye madesa tu, yaani notisi, na fomu thrii nzima hawakuwa na mwalimu wa fizikia. Mimi leo ni mfamasia, yeye alipata division four, daraja la chini kabisa la kufaulu, akaishia hapo. Tukikutana kwenye shughuli za familia naumia sana, maana akili yake naijua.

Baba wa Watatu:
Dada, wangu hakukaa. Likizo ya mwezi wa sita akiwa fomu tuu alirudi amekonda, haongei, ukimwita anashtuka. Kumbe alikuwa anaamka saa tisa usiku kupiga msuli, yaani kusoma, kwa sababu alikuwa kwenye kumi la mwisho, na kulikuwa na mwalimu mmoja anawasimamisha wa mkiani mbele ya paredi. Nilienda kuongea na uongozi nikaambiwa atazoea. Nikamhamisha kutwa karibu na nyumbani, ilichukua karibu mwaka mzima kumsikia anacheka tena, sasa hivi yupo chuo anaendelea vizuri. Lakini na mimi nina kosa langu, kila nikipiga simu swali la kwanza lilikuwa umekuwa wa ngapi. Mtoto ambaye kwa darasa la kawaida angekuwa wa pili au wa tatu, mimi namuuliza hilo wiki hadi wiki. NECTA, baraza la mitihani, wenyewe mwaka 2023 waliacha kutangaza shule kumi bora, ila sisi wazazi tunaendelea kupanga namba majumbani.

Mwl wa Kata:
Mimi nafundisha shule ya kata na hili linaniuma. Kila Januari vipanga wa shule za msingi za hapa wanaondoka, sisi tunabaki na waliobaki, halafu matokeo yakitoka tunaulizwa mbona mmefeli. Mwaka mmoja binti alichaguliwa, bibi yake akamkatalia kwa sababu ya umbali, akabaki kwetu. Alikuwa anakaa mbele, haachi kuuliza "kwa nini mwalimu", na nikitoka darasani anahamia ubaoni kuwarudia wenzake. Dawati lake na la nyuma yake wote walifaulu fizikia, kwetu ilikuwa haijawahi kutokea. Sisemi umbakize wako mama, mtoto sio kuni ya kuwashia moto wa wenzake. Nasema maabara na walimu visiishie kwenye shule saba, hata binamu wa huyo dada hapo juu alikuwa wa kwetu.

Wa Kakamega:
Huku Kenya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ya mwisho ilifanywa 2023, enzi zetu ilikuwa alama 500 na mimi nilipata 391 nikaitwa shule ya kitaifa. Karo ndiyo ilikuwa shida, mama aliuza ng'ombe wawili. Masomo nilipata mazuri kweli, lakini miaka minne nikiwa mbali nyumbani, ndugu zangu wadogo walinizoea kama mgeni.

Mama Kitindamimba:
Asanteni sana, nimesoma yote. Baba wa Watatu, ujumbe wako nimemsomea baba yake mara mbili, akakaa kimya, halafu akasema tutaenda wote kumripotisha na kabla ya kuacha mizigo tutauliza matokeo yanabandikwaje na mtoto akikwama anamwona nani. Tranka nimeshanunua, bado godoro la mbili na nusu. Kijana wa Nzega, nimemsimulia habari yako, ameniuliza kama vitanda vya juu vinawahiwa, maana yeye anataka cha juu.