Kadi za ingizo za PLC: 24 DC, 230 AC au Modbus? Naomba ushauri kabla sijanunua

FundiMoro
Wakuu salaam. Tunang'oa paneli ya zamani ya rilei kwenye kinu cha unga wa mahindi, tunaweka PLC (kompyuta ndogo ya kuendesha mitambo). CPU, ubongo wake, tayari ipo mezani, Siemens S7-1200 1214C, yenye pointi 14 za ingizo (za kupokea ishara) za volti 24 DC. Ishara zangu ni 46: sensa za proksimiti 18 za waya mbili (zinatambua kitu bila kukigusa, zile zinazokubali AC na DC), oksiliari za kontakta 16 (miguso midogo inayoonyesha kama swichi ya mota imewaka), limiti swichi na vitufe 12. Leo zote zinaishi kwenye 230 AC.

Nimebaki na njia tatu. Kadi mbili za SM 1221 za pointi 16, 24 DC. Au kadi za 230 AC, niache nyaya kama zilivyo. Bosi anaitaka hii. Au vile visanduku vya bei rahisi vya Modbus RTU, vinavyotuma ishara zote kwa waya mmoja wa mawasiliano, nivifunge huko huko kwenye elevata (mtambo wa kupandisha nafaka). Mngekuwa nyinyi mngechukua ipi?

Mzee_wa_Paneli
Mwambie bosi atulie. Kiwanda kimoja nilikofanya kazi walikwepa kuvuta nyaya upya wakanunua kadi za AC. Waya wa ishara ulilala trei moja na kebo za mota, mita kama 150. Mota imezimwa, taa ya kadi inawaka nusu nusu, PLC inasema konveya inatembea. Mita ya dijitali ilisoma volti 90 kwenye waya usiounganishwa popote! Ukigusisha taa ya majaribio, volti zote zinayeyuka. Ulikuwa umeme wa kuambukizwa na kebo za jirani, hauna nguvu ya kuwasha hata balbu, lakini kadi ya AC inahitaji miliampia chache tu ili idanganyike.

Halafu hesabu kadi. Kwa S7-1200, ingizo la AC unalipata kwenye SM 1223 yenye ingizo 8 na rilei 8 za kutoa. Pointi 32 ni kadi nne, na unalipia rilei 32 ambazo hujaziomba.

Neema_Otomesheni
Naungana na mzee kuhusu 24 DC, ila FundiMoro, tatizo lako kubwa hujalitaja: hizo sensa 18.

Sensa ya waya mbili inajilisha kupitia waya uleule wa ishara, kwa hiyo hata ikiwa "imezima" inapitisha mkondo kidogo. Tuseme 1.5 mA. Ingizo la 1214C linakula kama 4 mA kwenye volti 24, yaani ni kama omu 6,000. Zidisha: volti 9. Kadi inahesabu sifuri (imezima) mpaka volti 5 na moja (imewaka) kuanzia volti 15. Tisa iko katikati, hakuna anayekuahidi kitakachotokea.

Weka rezista ya omu 3,300, nusu wati, kati ya pointi na hasi. Volti 9 zinashuka mpaka kama 3. Faida ya pili: sensa nyingi za AC/DC zinataka mzigo usiopungua 5 mA ndipo ziwashe vizuri, na kadi peke yake haifiki hapo.

Ila zikiwaka, baadhi ya sensa hizi hujilia mpaka volti 8. Pawa saplai ikishuka 22, kadi inabaki na 14. Ndiyo maana nikiwa na uhuru wa kuchagua, nasoma karatasi ya vipimo kwanza nitafute kadi ya Type 3 ya IEC 61131-2 (kiwango cha kimataifa cha PLC): inakubali moja kuanzia volti 11, na ilitungwa ikifikiria sensa za waya mbili.

Kibatari
Modbus nimeitumia kwenye matangi ya maji, ilinifaa. Kwa kinu, hapana. Waya wa mawasiliano ukikatika, programu inaendelea kusoma thamani ya mwisho, labda wewe mwenyewe uandike ulinzi. Sensa ya mzunguko wa elevata haifai kuwekwa huko.

Mzee_wa_Paneli
@Neema hapo umenifunza, rezista nilikuwa naiweka kwa mazoea tu bila hesabu.

Mimi nabishana na jambo moja. Oksiliari zile 16 za kontakta kongwe, kwenye vumbi la unga. Karatasi ya kontakta zangu inataka angalau volti 17 na 5 mA ili mguso uwe wa uhakika. Kwenye 230 cheche yenyewe ilikuwa inausafisha. Kwa 4 mA utasumbuliwa.

Neema_Otomesheni
Kweli kabisa, lakini dawa si kuingiza 230 kwenye paneli ya PLC kwa ajili ya pointi 16. Nunua vipande vipya vya oksiliari, au weka rezista ileile. Fundi anayebadilisha kadi usiku asikutane na 230 kwenye temino.

Chuma_Doreen
Kaka, ndani ya elevata kuna vumbi la nafaka, linaweza kulipuka. Sensa za humo ziwe za NAMUR (aina ya umeme mdogo sana) na kizuizi chake cha kuzuia umeme mwingi usiingie humo. Na kitufe cha dharura kisiingie kwenye kadi ya kawaida, kipite kwenye rilei ya usalama.

Tena 14 na 32 ni 46. Huna hata pointi moja ya akiba.

FundiMoro
Dada Doreen umeniua 😂 Sikuona hiyo.

Nimepima leo kwa 24 DC. Sensa tano za kwanza zinavuja kati ya 0.9 na 1.4 mA zikiwa zimezima. Nimefunga rezista kwenye mbili, taa za CPU zinazima kabisa. Bosi amekubali 24 DC na trei mpya ya nyaya za ishara. Naagiza kadi tatu za SM 1221. Za ndani ya elevata ni nne, nazitenga kwa NAMUR. Oksiliari bado namshawishi, anasema zilizopo "bado zinafanya kazi".