Ushauri: Nihamishie mgahawa wangu ndani ya hoteli au nibaki ufukweni?

#1 Kijana wa Kiambo
Wakuu, assalaam alaykum na habari za jioni.

Mie mkaazi wa Jambiani, Unguja. Nina kibanda cha chakula ufukweni, meza 6, paa la makuti, jiko nimezungushia mabati kwa nyuma. Mwaka wa nne huu. Napika pweza wa nazi, samaki wa kupaka, na chipsi kwa wale wasiotaka kujaribu. Kaskazi na kusi wageni wa kaiti, wale wanaoteleza majini wakivutwa na tiara, wanashuka kutoka Paje, mambo yanakwenda. Masika nafunga, naishi kwa daftari la dukani.

Jirani yangu ni hoteli. Imepata mwenyewe mpya, anapanua. Meneja kaniita mara tatu. Anataka nivunje kibanda, anipe chumba ndani ya ukuta wao: jiko la gesi, jenereta, mkataba wa miaka 10, nami niwape asilimia 15 ya mauzo.

Nikikataa nabaki nje ya ukuta, na wageni nje hawatoki tena. Mapokezi wanaambiwa huko kuna papasi, vijana wa kuwasumbua watalii, na chakula si salama. Wamefunga kamba mchangani, ya katani, unene wa kidole, haifiki hata magotini. Watoto wa skuli wanairuka wakicheza. Mzungu haivuki. Anakuja hadi pale, ananipungia mkono, anarudi.

Naomba ushauri wa kibiashara tu. Siasa tuiweke kando.

#2 Mzee wa Kahawa Tungu
Nimetandika mkeka, ngoja wataalamu waje.

#3 MpigaHesabu
Mkuu, asilimia 15 ya mauzo siyo ya faida. Siku ukiuza hasara, wao bado wanakula. Pili, mgeni wa hoteli halipi taslimu, anaandikisha kwenye chumba. Hela inaingia kwao kwanza. Wewe utalipwa lini? Kama mkataba hautaji siku, umekwisha.

Niliwahi kuwa na duka la vinyago Mto wa Mbu. Kwenye barabara ile ya kwenda Ngorongoro dereva wa watalii ndiye mfalme: akisimama kwako unakula, akipita unaangalia vumbi. Unaweza kuwa na kinyago kizuri kuliko vyote, hakina faida. Nilichokuja kugundua kwa kuchelewa ni kwamba wageni hawashuki kwa ajili ya vinyago, wanashuka kwa ajili ya choo. Mwenye choo safi chenye maji ndiye mwenye biashara. Nikahamia kwenye duka kubwa lenye vyoo sita, nikapewa kona. Miezi minane baadaye kona ikawa ya shemeji yake mwenye duka. Sikuwa na karatasi hata moja.

#4 Mama Shughuli
Ufuska umejaa huko pwani, vijana wanaacha dini wanafuata vibibi vya kizungu. Fanya kazi halali mwanangu, Mungu atakufungulia.

#5 Kijana wa Kiambo
@Mama Shughuli, mama yangu, mie nauza pweza tu.
@MpigaHesabu shukrani. Mkataba upo, kurasa nne, wa Kiingereza. Siku ya malipo sijaiona.

#6 Mdigo wa Ukunda
Huku kwetu Diani, Kenya, tumeyaona hayo zamani. Vijia vya kuendea baharini vilikuwa vipana, vingine sasa mkokoteni haupiti, huku ukuta na huku ukuta, katikati upepo. Mvuvi anabeba mtego kichwani akitembea upande upande kama kaa.

Mahali ambapo wenyeji wameshika lango mambo huwa mengine. Nenda Kaya Kinondo. Ule ni msitu wa wazee, na mwaka 2008 makaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, yaliingia kwenye urithi wa dunia, nao ni mmoja wao. Mgeni hufungwa kaniki nyeusi kiunoni ndipo aingie. Awe tajiri wa wapi sijui, ataingia kwa masharti ya wenyewe na atalipa. Anayesema "vua kofia" pale ni mwenyeji. Hilo ndilo la kujiuliza kabla ya hesabu za gesi: lango lina nani?

#7 Bint Buyuni
Mimi nina swali dogo. Vibanda vya chakula kutoka Paje mpaka Jambiani havihesabiki, na wapishi wa pweza ni wengi. Kwa nini hoteli ikutake wewe? Chini ya hicho kibanda kuna nini?

#8 Kijana wa Kiambo
Eneo zuri tu, dada.

#9 Bint Buyuni
Zuri kwa nini?

#10 Kibaraka Mstaafu
Bint Buyuni anapeleleza kama mama mkwe 😂

#11 Bint Buyuni
Bado nasubiri.

#12 Kijana wa Kiambo
Haya. Kibanda kipo kwenye minazi ya marehemu babu, minazi 14. Hoteli ina kiwanja kushoto na imekodi kingine kulia. Sisi tupo katikati. Kwenye minazi hiyo inapita njia ya kutoka kiamboni kwenda pwani. Wanataka kuunganisha ukuta.

Lakini njia haifungwi! Inahamishwa. Watu watazungukia barabara ya juu, dakika 25 hivi. Wanaopita sana ni akina mama wa mwani, ishirini na kitu, mama yangu mmoja wao. Na mwani wenyewe siku hizi unalipa nini? Mama alianza na wale wa mwanzo, 1989, mwani ulipoingia Paje na Jambiani. Aina ya cottonii iliyokuwa na bei imekufa kwa joto la maji, imebaki aina ya spinosum ya bei ya chini. Juzi siku ya bamvua, maji yanapopwa sana na kujaa sana, kafika nyumbani saa kumi jioni na gunia bichi linachuruzika, shingo haigeuki. Namwambia kila siku, mama pumzika, mie nitakuletea hela. Nikipata miaka 10 ndani ya hoteli haendi baharini tena. Hapo kosa langu liko wapi?

#13 Dalali wa Zamani
Ndugu zangu wa bara huenda hamjaelewa uzito wa minazi 14, nieleze kidogo.

Ardhi Zanzibar si kama huko kwenu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilifanywa ya umma, na sheria ya 1992 imesimama hapo hapo: mwananchi ana haki ya kuitumia, mgeni hukodishwa. Miti ni jambo jingine. Mnazi una mwenyewe, hata kama udongo si wake. Ndiyo maana mwekezaji akishapata makaratasi yote ya mjini bado humwona kijijini na bahasha, anatafuta wenye miti.

Na msidhani pwani ya mashariki ilikuwa mali. Watu walizitaka zile eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi, za upande wa karafuu. Huku kwetu ni maweni, muhogo unapanda kwenye mashimo ya mawe. Mchanga ule ulikuwa wa kuanika dagaa na kupandisha ngalawa. Mimi mwenyewe nimeshuhudia viwanja vya pwani vikiuzwa kwa bei ya baiskeli. Nimedalalia viwili. Sisemi zaidi.

#14 Maalim wa Chuoni
Kijana, hiyo ni minazi ya babu mzaa baba au mzaa mama?

#15 Kijana wa Kiambo
Mzaa mama, maalim.

#16 Maalim wa Chuoni
Mirathi imegaiwa?

#17 Kijana wa Kiambo
Bado. Yupo mama na wajomba wawili, mmoja Pemba, mmoja Dubai.

#18 Maalim wa Chuoni
Basi wewe huna fungu. Mtoto wa binti harithi hali watoto wa marehemu wapo hai. Wenye minazi ni mama yako na ndugu zake. Hoteli inazungumza na wewe kwa sifa gani?

#19 Kibaraka Mstaafu
Kwa sifa ya kupika pweza.

#20 Bint Buyuni
Maalim kauliza vizuri. Mimi naongeza: umesaini nini mpaka sasa?

#21 Kijana wa Kiambo
Nimesaini ya awali tu, si mkataba wenyewe. Imeandikwa "msimamizi wa familia". Mambo ya sheha, kiongozi wa serikali hapa kijijini, meneja alisema atayashughulikia yeye.

Na nimepokea kishika uchumba, milioni 6.

Kabla hamjanirukia, sikieni. Meneja alinionyesha kanuni ya kutojenga ndani ya mita 30 kutoka maji makuu yanapofika. Kibanda changu kiko ndani. Akasema wakilalamika navunjiwa bila senti. Nifanyeje?

#22 MpigaHesabu
Na baa yao ya mchangani iko mita ngapi?

#23 Kijana wa Kiambo
Kumi na tano labda. Bamvua kubwa mawimbi yanafika kwenye viti.

#24 MpigaHesabu
Kwa hiyo kipimo ni kimoja, aliyeshika kamba ndiye tofauti.

#25 Kibaraka Mstaafu
Chukua hela oa mke wa pili, njia ataizunguka yeye. Natania jamani.

#26 Mtu wa Mbezi
Waswahili kwa kulialia! Mwekezaji kaleta ajira na umeme, nyie mnataka njia ya mwani. Dubai ingejengwa hivi?

#27 Mdigo wa Ukunda
@Mtu wa Mbezi, wewe fukwe za hapo kwenu Mbezi unaingia bure?

#28 Mtu wa Mbezi
Usinitoe kwenye mada.

#29 Nahodha Bila Chombo
Nimesoma uzi wote kimya kimya. Samahanini, hii ni chai, hadithi ya kutunga.

Mleta mada kasema (#12) mama yake siku ya bamvua alifika nyumbani saa kumi jioni na mwani mbichi unachuruzika. Mimi nimekulia baharini Unguja. Bamvua maji hupwa asubuhi, saa nne hivi. Akina mama wanashuka wakati maji yanatoka, wanafunga mbegu kwenye kamba, wanavuna, na ikifika saa saba mchana wote wameshatoka kwa sababu maji yamerudi. Saa kumi bahari imejaa inagonga kuta. Gunia bichi la saa kumi limetoka wapi? Mtu wa Jambiani hawezi kukosea hilo, ni kama mtu wa Moshi asijue mlima uko upande gani.

Huyu yuko Kinondoni, ana bando la usiku.

#30 Mtu wa Mbezi
Nilijua!! Chai ya rangi.

#31 Mzee wa Kahawa Tungu
Mkeka nimeukunja.

#32 Mama Shughuli
Astaghfirullah, kumbe tunadanganywa. Nilishamwombea dua.

#33 Kibaraka Mstaafu
Nakumbuka mtu mwenye jina kama hili alikuwa anauza bodaboda Morogoro mwaka juzi. Milioni 6 ya bodaboda mbili sasa imekuwa kishika uchumba.

#34 Dalali wa Zamani
Mambo ya minazi kayajibu sawasawa lakini. Mtu wa Kinondoni angesema "nimeuza kiwanja".

#35 Nahodha Bila Chombo
Ajibu la saa kumi. Nitaomba radhi hadharani.

#36 Bint Buyuni
Kijana, upo? Umekaa kimya tangu jana.

#37 Kijana wa Kiambo
Nipo.

Nahodha umesema kweli, maji yalikupwa saa nne. Mama alitoka baharini kabla ya saa saba. Alipofika kwenye minazi akakuta ukuta umeshafika mpaka kwenye mnazi wa tano, pamewekwa geti la mbao. Mlinzi akamwambia asubiri, wageni wanakula, gunia litachafua njia mpya ya mawe. Kumwambia azunguke juu na gunia bichi lile, hata mie silibebi mwendo wa dakika 25. Akakaa chini ya mnazi wa babake. Gunia kalifunika kanga, na maji yalipopanda yakamfikia akawa analichovya mwani usiungue kwa jua. Geti lilifunguliwa saa tisa na nusu, wageni walipokwenda kulala.

Ndiyo maana lilikuwa linachuruzika.

#38 Nahodha Bila Chombo
Naomba radhi kwa neno chai.

Haya yote umeyajuaje? Alikuhadithia yeye?

#39 Kijana wa Kiambo
Mama hajasema neno. Nilikuwa namwona.

#40 Bint Buyuni
Ukiwa wapi?

#41 Kijana wa Kiambo
Jikoni. Jiko jipya lina dirisha linaloelekea getini.

#42 Bint Buyuni
Kwa hiyo ulishahamia.

#43 Kijana wa Kiambo
Tangu Ijumaa. Kwa majaribio. Kibanda bado kipo, nimetoa meza tu.

Nisingeweza kutoka, dada. Ilikuwa saa ya chakula, oda 11 mezani, meneja kasimama mlangoni. Na yule mlinzi hajui kama yule ni mama yangu.

#44 Mama Shughuli
Naye mama alikuona?

#45 Kijana wa Kiambo
Dirisha lina wavu.

#46 Maalim wa Chuoni
Tuache hayo kwanza. Karatasi uliyoisaini haina nguvu juu ya mali ya wenzako. Wajulishe wajomba leo, yule wa Dubai ana simu. Mweleze mama yako kwa kinywa chako kabla hajaelezwa kisimani. Kisha mwende nyote kwa sheha, na akina mama wa mwani wawemo, njia ni ya wengi. Ila hutasikilizwa ukiwa na pesa yao mfukoni. Katika milioni 6 imebaki ngapi?

#47 Kijana wa Kiambo
Milioni 2 na laki 3. Nimelipa deni la duka, na nimenunua friza.

#48 Maalim wa Chuoni
Bamvua lijalo lini?

#49 Kijana wa Kiambo
Linaanza Jumatano.

#50 MpigaHesabu
Friza la lita ngapi? Usiliuze kwa hasira, nitumie picha.