Madalali wa ng'ombe Kanda ya Ziwa: pembe ni kasoro mkinunua, zinageuka sifa mkiuza!

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Mimi ni mfugaji mdogo huku Usagara. Natafuta ng'ombe majike wa asili wenye pembe, wale wa kawaida kabisa wa Usukumani, nawahimilisha kwa mbegu ya kisasa, ndama chotara wakikua nawauza mitamba kwa watu wa maziwa wa Buhongwa, Kisesa na Ilemela. Shughuli yote hii inasimama kwenye kitu kimoja: mama apatikane kwa bei nafuu. Ukimnunua kwa bei ya kuruka, faida ya ndama wa kwanza imeshaliwa kabla mhimilishaji hajavaa glovu.

Sasa nisikilizeni. Mnada mmoja wa wilaya za jirani, sitautaja. Asubuhi kaja mzee kutoka ndani huko Kwimba na jike lake jekundu, nundu nzuri, kiwele cha wastani, pembe ya kushoto imepinda kushuka hadi karibu na jicho. Nilikuwa nimesimama pale pale. Dalali akamzunguka yule ng'ombe, akatikisa kichwa: "Mzee wangu, pembe hizi ni balaa. Kwenye Fuso atatoboa wenzake, nyama inavilia damu, kule mnada wa Pugu, Dar, watanikata bei. Nakupa laki tano na nusu, na hiyo nakuheshimu." Mzee akajibu, "Mwanangu, huyu amezaa kwangu kila ninapomtegemea." Akaambiwa kama hataki arudi naye kwa miguu. Mzee akachukua hela. Ada ya shule haisubiri mnada wa wiki ijayo, na dalali analijua hilo.

Jua halijawa kali, napita upande wa pili wa uwanja, naitwa: "Bosi, njoo uone mali." Jike jekundu, pembe ya kushoto imepinda hadi karibu na jicho. Yule yule! Mdomo ule ule sasa unasema: "Angalia pembe hizo, hii ina damu ya Ankole, wale wakubwa wa pembe ndefu, imetoka Karagwe. Ndama wako atatoka na mwili. Laki tisa, mwisho." Nikamwambia nimemwona akinunuliwa asubuhi hii kutoka kwa mzee wa Kwimba. Hakuona aibu hata kidogo. Akaniambia kama sina hela nisizibe njia.

Nilikuwa na utepe wa fundi cherehani mfukoni, natembea nao siku zote. Nilishampima yule ng'ombe wakati bado yuko kwa mzee. Mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele sentimita 145, urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa tako sentimita 120. Chukua 145 mara 145 mara 120, gawanya kwa 10,840, unapata kama kilo 232. Ni makadirio, mizani ndiyo inayosema kweli, lakini makadirio haya hayaongopi kama mdomo wa dalali. Kwa hesabu hiyo mzee alilipwa kama shilingi 2,370 kwa kilo, mimi naombwa karibu 3,880. Ng'ombe hajala, hajanywa, hajachanjwa, hajapanda gari. Kavuka uwanja tu.

Na mizani ipo! Ipo pale pale mnadani, na njia yake ya vyuma, na kufuli lake lenye kutu. Nimeuliza kwa nini haitumiki, nikajibiwa "wafugaji hawaipendi". Wafugaji gani? Yule mzee hakuulizwa. Asiyeipenda mizani ni mtu anayenunua kwa jicho na kuuza kwa mdomo.

Tuongee kuhusu hizo pembe zenyewe, maana hapa watu wengi wanapigwa kwa kutojua. Marekani ng'ombe mwenye pembe hukatwa bei kidogo mnadani kwa sababu anaumiza wenzake njiani na kwenye mazizi ya kunenepesha. Sawa, hoja hiyo ina kichwa na miguu. Lakini kule punguzo linamfikia na mnunuzi. Ndiyo maana mzalishaji wa ndama mwenye akili ananunua jike mwenye pembe kwa bei ya chini, anampandisha dume wa Angus, ambaye kwa asili hana pembe, na ndama karibu wote wanatoka vichwa wazi. Sifa ya kutokuwa na pembe inatawala. Dume akiwa safi kwa sifa hiyo, pembe za mama kwa kawaida hazionekani kwa ndama. Ukitumia mbegu ya ng'ombe wa maziwa kama Friesian au Ayrshire, ndama anaweza kuchipua pembe, basi unachoma vichipukizi akiwa bado mdogo, chini ya miezi miwili, mambo yameisha. Kwa hiyo kwa anayezalisha chotara, pembe za mama si kasoro na si sifa. Anachonunua ni nyonga pana, chuchu nne zinazotoa, meno, miguu, na tumbo la uzazi lililo salama. Hakuna dalali aliyewahi kunionyesha nyonga.

Kuna faida moja tu ya pembe kwa mnunuzi wa jike, nayo wameshaiharibu. Wazee wetu wanasoma pembe. Jike akizaa, chakula chake kinaenda kwenye mimba na maziwa, pembe inabaki na mkunjo kama pete. Ukihesabu pete kuanzia shinani unapata picha ya uzazi wake, hata kama si sahihi kabisa. Sasa shikeni pembe za hawa ng'ombe wa madalali. Laini! Zimekwanguliwa kwa kipande cha chupa, zikapigwa msasa, halafu zikapakwa mafuta ya kula. Nilimshika mmoja, kiganja kikabaki kinanuka alizeti, na ndani ya nywele za shina la pembe kulikuwa na unga mweupe wa msasa. Naambiwa ni "mtamba wa mimba ya kwanza". Nikataka kufungua mdomo nione meno, nikazuiwa: ukifungua mdomo umenunua. Ng'ombe wetu wa asili huota meno mawili ya kudumu akiwa na miaka kama miwili na kitu, na kufikia miaka mitano hivi yote manane ya mbele yametimia. Ajuza aliyesagika meno hadi kwenye fizi anauzwa kwa bei ya mtamba kwa sababu ya msasa wa mia tano!

Ndama wa kuazima nao wapo. Jike hakamuliwi tangu jana ili kiwele kijae, analetwa na ndama mzuri pembeni, "mama na mtoto". Mwacheni ndama anyonye muone. Jike anamnusa, anageuka, anampiga teke. Mimba nazo ni za chumvi na maji: jike analambishwa chumvi anywe maji mengi, tumbo lijae. Mwambie dalali umlete daktari wa mifugo aingize mkono apime, maana mimba ya miezi miwili mitatu inashikika bila shida. Utaambiwa ng'ombe ana haraka, lori linaondoka.

Lakini kinachoniuma kuliko yote ni wanaokata pembe za ng'ombe mzima ili wamuuze kama chotara. Pembe ya ng'ombe mkubwa ina uwazi ndani unaoungana na uwazi wa fuvu. Wanaikata kwa waya, bila ganzi, bila dawa, shimo linabaki wazi, nzi wanaingia, usaha unatoka. Nimeona jike wa namna hiyo amesimama kainamisha kichwa upande mmoja, na mtu anatajiwa milioni moja na laki nne kwa sababu "huyu hana pembe, ni wa kisasa". Huo ni utesaji wa mnyama na ni wizi, na unafanyika mchana kweupe mbele ya watu wenye vitambulisho shingoni wanaokusanya ushuru.

Visingizio vya gharama navyo vimechosha. Zamani tuliambiwa ng'ombe wa Geita na Sengerema wako juu kwa sababu ya foleni ya kivuko Busisi, magari yanalala, ng'ombe wanakonda. Haya, daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, lori linavuka kwa dakika chache. Bei imeshuka? Sasa ni "mafuta, kaka".

Nadai mambo yanayowezekana kesho. Kufuli litoke kwenye mizani, na bei itajwe kwa kilo mbele ya mwenye ng'ombe, kwa anayeuza na anayenunua. Jike anayetangazwa ana mimba apimwe na daktari pale pale, ada alipe mnunuzi, mimi nitalipa bila kunung'unika. Na mtu anayeleta ng'ombe aliyekatwa pembe mwenye vidonda vibichi asiruhusiwe kuingia uwanjani.

Nawasilisha.

NYONGEZA: Nimeona maswali huko chini.

Mkuu uliyesema tununue chotara moja kwa moja tuachane na ng'ombe wa pembe: huyo chotara wa kizazi cha kwanza unayemtaka lazima azaliwe na mtu, na mama yake ni huyu huyu. Kizazi cha kwanza ndicho chenye nguvu kubwa ya uchotara, yaani chotara kufanya vizuri kuliko wastani wa wazazi wake. Ukiwapandisha wenyewe kwa wenyewe, nusu ya nguvu hiyo inapotea kizazi kinachofuata. Kwa hiyo majike wa asili tutawahitaji daima, na ndiyo maana bei yao ni ya kupigania.

Dada uliyeuliza mbegu gani kwa jike mdogo wa kilo mia mbili: kama hajawahi kuzaa, usimweke mbegu ya dume mkubwa, tumia Jersey, ng'ombe wa maziwa wa mwili mdogo, ndama wake ni mwepesi. Wetu hawa joto lao ni fupi na mara nyingi linaingia usiku, kwa hiyo mlinzi wa zizi awe macho. Ukimwona asubuhi amesimama anapandwa na wenzake, ahimilishwe jioni ya siku hiyo. Na kabla ya kumchanganya na kundi, mtenge na mtoe damu apimwe ugonjwa wa kutupa mimba. Jike anayetupa ndiye wa kwanza kupelekwa mnadani kwa bei ya chini, na ugonjwa huo unampata hata binadamu kupitia maziwa mabichi na kwa anayeshika kondo la nyuma kwa mikono mitupu.

Na wewe dalali uliyeandika kwamba nina wivu: taja bei yako ya kilo hapa hapa, ya kununua na ya kuuza, tuone.

Mwenye kujua mnada wowote Mwanza, Simiyu au Geita ambao mizani yake inafanya kazi siku ya mnada, aweke hapa na siku yake.