Tuliosoma chuo kile cha ualimu kando ya ziwa: tuwakumbuke waliotangulia (tupeane uzoefu)

Chaki Nyeupe (mleta uzi)
Wakuu, Jumamosi tulikuwa Magu kumzika mwenzetu wa darasa la 1995/97. Tumerudi wanne kwenye Noah moja, kila mtu anahesabu kwa vidole. "Na yule wa Kiswahili?" Alishakwenda. "Na yule mrefu wa tarumbeta?" Huyo zamani. Kufika Kisesa vidole vimetuishia.

Nyumbani nikafukua kaunta buku langu la ukatibu wa serikali ya wanachuo. Majina ya darasa ni 62, nimeweka msalaba wa kalamu nyekundu kwenye 23. Nyuma nimeandika wakufunzi tisa na wafanyakazi wawili. Ukurasa nimeuweka kwenye kundi letu la simu, wanachuo mtauona kule. Hapa tutaje namba tu, familia za watu zinasoma. Chuo nacho sikitaji, waliopita pale wanajijua: mwembe wa kengele, na ziwa unaliona vizuri zaidi ukiwa chooni.

Nimekwama mahali pamoja. Mzee wa Kengele sina jina lake. Miaka miwili ameniamsha kila alfajiri, na jina lake sikuwahi kuuliza.

Kande Baridi
Ukiwa chooni, hahaha. Mlango wenyewe gunia, lazima ulione ziwa.
Yule mzee Mungu amrehemu ila alitutesa. Kuna siku aligonga lile ringi la Isuzu saa tisa usiku, tukakimbia mchakamchaka mpaka barabarani ndipo mtu akauliza mbona nyota bado zimejaa.

Bweni la Pili
Isuzu wapi, ringi lilikuwa la Leyland. Isuzu haina mlio ule.

Kande Baridi
Wewe ulikuwa unalijua ringi au ulikuwa unatoroka usiku kwenda sokoni kula sangara?

Mama Zana
Nimeufungua uzi huu nikiwa foleni ya benki, nikatoka nje kwanza.

Mimi nitamsema mkufunzi wetu wa Hisabati. Mnakumbuka mwaka ule wa mwisho alikuwa anafundisha amekaa. Anamchagua mtu aandike ubaoni, yeye anasema tu, na ukikosea anagonga meza kwa pete. Sisi wasichana tulikuwa tunapeana zamu ya kumbebea kiti.

Nikapangiwa BTP, yale mazoezi ya kufundisha, shule moja ya kijijini, mwendo wa saa nzima kutoka barabara ya lami. Sikutegemea atakuja. Siku hiyo nafundisha kugawanya, darasa la tatu, watoto tisini na kitu, zana zangu vizibo vya soda ndani ya kopo la Kimbo. Mara naona mlangoni baiskeli inasukumwa na mtoto, yeye amekaa nyuma kwenye keria na koti la baridi, saa tano ya jua kali. Akaingia, akakaa dawati la mwisho, magoti yamegusa kifua.

Nikachanganyikiwa. Nimewaita watoto watano mbele, nagawa vizibo sawasawa, na wa mwisho anabaki na vinne wakati wenzake wana vitano vitano. Andalio langu linasema 25. Nimehesabu tena, 24. Darasa limeanza kucheka, yule mtoto wa mwisho midomo inamcheza, anataka kulia kwa kupunjwa. Nilitamani ardhi ipasuke.

Akanyanyuka. Kunyanyuka kwake kulichukua muda, alishika dawati, akashika ukuta, akashika bega la mtoto. Akaja mpaka mbele, akatia mkono mfukoni akatoa kizibo cha Fanta, akamwekea mtoto kiganjani. Akasema, "Cha kwako kilikuwa kwangu." Darasa zima likapiga makofi.

Fanta ndicho kitu pekee kilichokuwa kinapita kooni mwake siku zile, chai ilikuwa inamchoma vidonda mdomoni. Kwenye fomu aliniandikia B na maneno matatu: "Hesabu zana kwanza." Hakumaliza muhula.

Bweni la Pili
Daah. Kumbebea kiti ni kweli kabisa.

Mjuaji Asiyelala
Mbona mnazunguka mbuyu? Jamaa alikanyaga miwaya, semeni. Miaka ile nusu ya wakufunzi walikwenda na ngoma na nyie mkiulizwa mnasema "aliugua muda mrefu".

Mama Zana
Nimekwambia vidonda vya mdomoni, ulitaka nikuletee na vipimo? Mkewe yuko hai na watoto wake wanajua kusoma.

Mjuaji Asiyelala
Kuficha ndiko kulikowaua.

Kande Baridi
Mjuaji, hata kama unasema kweli, msibani mtu hufiki na ripoti ya maabara. Kaa kwenye mkeka, kunywa chai.

Nesi Mstaafu
Naomba nisimame katikati. Nilikuwa zahanati ya jirani na chuo, wengi wenu nimewachoma kwinini. Yule mkufunzi alijua, alinituma nimuulizie dawa, na dawa hazikuwapo. Za kurefusha maisha zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Tulimpa tulichokuwa nacho: panado, dawa ya fangasi na maneno. Hakuficha kwa kiburi, alikuwa hana pa kulipeleka.

Chaki Nyeupe
Tuendelee jamani. Sababu siweki kwenye orodha, naweka mwaka tu.

Mpiga Debe wa Nyegezi
Mimi sikusoma hapo, napita tu. Ila yale matangazo ya vifo ya RTD, redio ya taifa ya enzi zile, mnayakumbuka? Ule muziki ukianza nyumba nzima inanyamaza, mama anapunguza moto. Bibi yangu alikuwa anasikiliza hadi mwisho na hamjui hata mtu mmoja.

Mhasibu wa Msiba
Tukiwa hapohapo, tuunde mfuko. Kila mmoja 5,000 kwa mwezi, mwenzetu akifa tunapeleka sanduku na gari.

Bweni la Pili
Mfuko tulikuwa nao. Mweka hazina akanunua bodaboda tatu.

Mhasibu wa Msiba
Zilikuwa mbili, na aliomba radhi.

Mama Mirathi
Badala ya kuchangia majeneza, ambianeni mambo ya walio hai. Mume wangu alikuwa mwalimu, alikufa hajabadilisha majina ya wategemezi kazini. Nimehangaika: kikao cha ukoo, muhtasari, cheti cha kifo, mahakama ya mwanzo nithibitishwe msimamizi, huku shemeji anaulizia pikipiki. Andikeni wosia.

Kande Baridi
Ukiandika wosia na ndugu wakajua, ndipo unakufa mapema. Andika, ficha kwenye debe la mchele.

Mama Mirathi
Atakayeupata ni panya.

Mzungukaji
Mleta uzi, hodi. Mimi wa darasa lenu, nimeuona ukurasa leo alfajiri. Naomba ufute msalaba kwenye namba 31. Namba 31 ni mimi.

Mei 1996 chuo kilitutuma wanachuo watatu kwenda Bukoba kumzika mkufunzi wetu wa Sayansi Kimu. Msiba ukaisha Jumapili. Jumatatu tarehe 20 wenzangu wanarudi na MV Bukoba. Mimi nilikuwa nimefua suruali yangu ya sare, ndiyo hiyo moja, na mvua ya Bukoba mnaijua. Haikukauka. Nikawaambia tangulieni, nitakuja na safari nyingine. Mmoja wao, aliyekuwa analala kitanda cha juu yangu, shati lake lilikuwa limechanika kwapani kwa kubeba jeneza. Nikampa la kwangu. Mnakumbuka mashati yetu: jina unaliandika ndani ya kola kwa wino usiotoka, maana kamba za kuanikia zilikuwa na wenyewe.

Jumanne asubuhi ikasikika meli imepinduka karibu kabisa na Mwanza. Bukoba kila nyumba inalia, magari yote yamekodiwa. Nilipata lori Alhamisi, tukapita Biharamulo, Geita, na Jumamosi jioni nikashuka kwetu Sengerema nilale, kesho nivuke.

Nakuta turubai. Moto unawaka, wanaume wamekaa kwenye magogo. Nikamuuliza mtoto aliyekuwa anachota maji nani amekufa, akaacha ndoo akakimbia. Bibi ndiye aliyenijia. Hakunitazama usoni, aliinama kwanza akaangalia miguu yangu kama inakanyaga chini.

Mjomba alikuwa amekwenda Mwanza kunitafuta. Sura zilikuwa zimevimba, hakuna aliyekuwa anamtambua mtu. Akafika kwa mmoja, akageuza kola, akasoma jina langu. Akachukua. Ijumaa wakamzika. Jumapili nikiwa nimekaa na wafiwa wangu, nikasikia tangazo la kifo changu redioni. Majina ya ndugu yote yalikuwa sahihi.

Baba yake alikuja kutoka Muleba baada ya wiki tatu. Akakaa pale kaburini kutoka asubuhi mpaka kivuli kikageuka, kisha akasema mtoto amekwisha kuliliwa, asifukuliwe. Tukabadilisha jina msalabani. Yule dada tuliyekuwa naye, wa mwaka wa pili, hakuonekana. Labda yuko Igoma kwenye yale makaburi ya pamoja.

Chuoni sikurudi. Kutoka Sengerema enzi zile ulikuwa unavuka Busisi kwa pantoni, maji kidogo tu, watu wanauza karanga mlemle. Nilifika pale na begi mara tatu. Miguu ilikataa. Nikahamia Geita, nauza mabati. Nikiwa na safari ya Mwanza nilikuwa nazunguka Kahama na Shinyanga, wenye magari wananicheka. Lile daraja la hapo Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 ndipo nikavuka. Macho nilifumba vilevile.

Kwa hiyo 31 futa. Msalaba weka namba 44, uliyemwandika "hajulikani alipo". Yuko shambani kwetu chini ya mchungwa.

Bweni la Pili
Nimepigwa ganzi.

Mjuaji Asiyelala
Chai. Shati, kola, tangazo la redio, vyote siku moja? Ongeza na sukari.

Nesi Mstaafu
Mwanangu, wewe umri wako ni upi? Wiki ile watu walitambuana kwa viatu, kwa kiraka cha suruali, kwa jino la pengo. Kola yenye jina ilikuwa bahati.

Msomi wa Meli
Tusisahau kuwa uwezo wa meli ile ulikuwa abiria 430 na waliokufa wanatajwa kupita 800. Na ilipopinduka walio ndani walikuwa hai wanagonga bodi, ikatobolewa ili watolewe, hewa ikatoka, ikazama. Pia yule kiongozi wa Al-Qaeda, Abu Ubaidah al-Banshiri, alifia humohumo. Hapo ndipo penye mjadala, kwa sababu

Kande Baridi
Kwa sababu fungua uzi wako. Hapa mtu amefufuka wewe unaleta Al-Qaeda.

Msomi wa Meli
Nilikuwa naweka historia sawa.

Mama Mirathi
Ndugu Mzungukaji, pole sana. Ila swali la kweli: cheti chako cha kifo kilikatwa? Maana kama kipo, siku ukienda kudai mafao watakuomba ulete marehemu.

Mzungukaji
Hakikukatwa dada. Nilizikwa kienyeji.

Mhasibu wa Msiba
Kwenye daftari la 1996 naona wanachuo walichanga rambirambi yako 41,500. Ilipelekwa na mtu.

Mzungukaji
Kwetu ilifika kilo tano za sukari.

Chaki Nyeupe
Kaka, mimi ndiye niliyepitisha kofia bwenini. Tulikuimbia paredi nzima. Nimefuta 31, nimeandika 44. Mkono unatetemeka. Nipigie, namba nimekutumia kule pembeni.

Mjuaji Asiyelala
Basi sawa. Pole mkuu. Chai naifuta.

Bweni la Pili
Namba 44 ndiye alikuwa anapiga filimbi bafuni? Akioga foleni nzima inajua amefika kwenye miguu.

Mzungukaji
Huyohuyo. Na kitandani juu alikuwa anapiga usiku, nilimchukia.

Binti wa Jikoni
Shikamooni wote. Mwanangu ndiye aliyenionyesha uzi huu. Huyo mnayemwita Mzee wa Kengele ni baba yangu. Alifariki 2009, kazini alikuwa ameshastaafu, tumemzika kilimani nyuma ya chuo. Jina lake la ubatizo na la ukoo nimemwandikia mleta uzi.

Kuhusu hiyo saa tisa mliyosema, naomba nimtetee. Baba hakuwa na saa. Chuo kilimuahidi miaka yote, hakikumpa. Alikuwa analala nje ya jiko, anaangalia ziwani. Wavuvi wa dagaa wakianza kurudi, zile karabai zao zikisogea ufukweni kwa mstari, anajua kumi na moja imekaribia, anakwenda kugonga. Siku za mbalamwezi dagaa hawavuliwi, ziwa linakuwa tupu, hakuna hata taa moja. Siku hizo alikuwa anakisia. Mama alikuwa anamwambia bado, yeye anasema bora niwawahishe kuliko wachapwe.

Ringi lilikuwa la Leyland. Nililigonga mimi wiki mbili alipolazwa, na hakuna aliyejua.

Bweni la Pili
Nilisema.

Kande Baridi
Mbalamwezi. Na mimi nilimripoti kwa mkuu wa chuo mara mbili.