Naomba ushauri: nataka kumpeleka baba hoteli ya St Pancras, London

Habari zenu ndugu zangu. Baba anakuja kunitembelea Uingereza mwezi ujao. Alikuwa fundi wa reli Tabora mpaka akastaafu, na kitu cha kwanza alichoniuliza kwenye simu ni stesheni ya St Pancras na ile hoteli yake ya matofali mekundu.

Hoteli hiyo ilichorwa na George Gilbert Scott, ikafunguliwa 1873, ikafungwa 1935, ikanusurika kubomolewa miaka ya 1960, ikafunguliwa tena 2011. Nyuma yake kuna paa la chuma la stesheni, kazi ya mhandisi Barlow, upana wa mita 73 hivi bila nguzo hata moja katikati. Hapo najua mzee atasimama hata saa nzima.

Sasa, mliowahi kufika: asiyelala pale anaruhusiwa kuingia kuziona zile ngazi kuu, au mpaka anunue chai? Kuna mtu wa kututembeza kwa malipo? Magoti yanamsumbua, kwa hiyo lifti na mahali pa kukaa ni muhimu sana. Na kanzu yake na koti vinafaa? Nataka apokelewe kwa heshima, asizuiwe mlangoni.

Natanguliza shukrani.