Mmea mwekundu wa ndani unalainika, nisaidieni kabla ya Ijumaa

ShungiBuluu: Asalam alaykum wapendwa. Jana sikupata usingizi. Nina mmea wa ndani, ile minene inayoweka maji mwilini. Chini kijiti cha kijani chenye pembe tatu, juu yake mpira mwekundu wenye vijiba, ukiuona utasema shokishoki limechomekwa kwenye kijiti. Niko Mji Mkongwe, nyumba ya kuta nene, mmea uko juu ya kabati ya sebuleni. Wiki hii naona umeinama. Swali langu ni hili tu: niumwagilie mara ngapi, na mbolea gani itausimamisha haraka? Ijumaa nataka uwe umesimama.

BiMkubwa_Jang'ombe: Waalaykumu salaam mwanangu. Mimea ya kufungiwa ndani mie sijaizoea. Nina asumini uani kwenye ndoo za rangi, kila alasiri nachuma natunga vikuba. Marehemu mume wangu akirudi kazini hakosi kusema, "leo asumini imezaa," kabla hata hajavua viatu. Utoe nje mwanangu upate hewa.

Mvuvi_wa_Nungwi: Hiyo kaktasi, mti wa jangwani. Teka mchanga pwani uchanganye, basi.

FundiMiche: Mchanga wa pwani usithubutu, una chumvi, utaumaliza. Bibie, kabla ya mbolea nijibu: chombo kina tundu chini? Maji unatia kila lini? Dirisha liko upande gani? Halafu bonyeza shina kwa kidole pale linapoingia udongoni, uniambie.

ShungiBuluu: Maji natia kila asubuhi, kikombe kidogo cha kahawa, maana joto lilikuwa kali nikauonea huruma. Umo kwenye bilauri ya kauri nzuri sana, tundu haina. Dirisha linatazama ukuta wa jirani, jua haliingii. Nimebonyeza. Kidole kimezama kama kwenye embe bovu, yametoka maji ya kahawia yana harufu. Lakini kile chekundu bado kigumu. Mbolea ipi sasa?

FundiMiche: Mbolea hakuna. Umeoza mizizi kwa maji, na hewa yetu hii nzito ya masika ndiyo inamalizia. Elewa ulichonacho: hiyo ni mimea miwili iliyobebeshwa. Kijiti cha kijani ni jamaa wa ile inayozaa matunda ya joka. Kile chekundu asili yake Paraguay, lakini hicho chako kimezaliwa hakina ukijani kabisa, ndiyo maana wekundu unaonekana wazi. Bila ukijani hakiwezi kujipikia chakula, kinalishwa na kijiti. Kijiti kikifa, na chenyewe kinakwenda.

MamaWawili_Mwera: Jamani, kwani Ijumaa kuna nini? Mti wa kwenye bilauri unamkosesha mtu usingizi?

ShungiBuluu: Sikutaka kulisema. Mmea si wangu, ni wa wifi yangu. Kaenda Muscat kumuuguza mamkwe, miezi miwili sasa, akaniachia. Anarudi Ijumaa. Alipouacha ulikuwa kwenye kichungu cha plastiki, mie nikauhamishia kwenye bilauri upendeze.

AbuuWete: Dada yangu, hiyo ni amana. Tumeamrishwa kuzirudisha amana kwa wenyewe, na haikusemwa amana kubwa tu. Huku Pemba babu yangu aliachiwa mbuzi na jirani aliyekwenda Hija. Mbuzi akafa kwa ugonjwa. Babu aliiweka ngozi mpaka mwenyewe aliporudi, amuoneshe.

ShungiBuluu: Nalijua hilo kaka. Ndiyo maana nimeshatafuta njia. Nimempata muuzaji Dar, anao mwekundu vilevile, ataupandisha boti Jumatano. Nimeshalipa elfu kumi na tano, imebaki elfu kumi. Nitauweka kwenye kichungu chake cha zamani. Simuibii mtu, namrudishia kitu kizima badala ya kibovu. Mwenye roho mbaya angemuachia bovu lake.

Jicho_la_Darajani: Hapa ngojeni kidogo. Nimepekua nyuzi za huyu. Mfungo mosi aliandika yuko Chake, anasoma chuo, anauliza nauli ya meli. Leo ana mume, wifi na mamkwe Mji Mkongwe? Na picha hajaweka hata moja. Mnatungiwa hadithi.

MamaWawili_Mwera: Hata mie nilianza kushangaa.

ShungiBuluu: Wallahi situngi. Akaunti tunatumia mie na mdogo wangu, yeye ndiye wa Chake. Picha niliogopa kuweka kwa sababu wifi naye anasoma humu. Haya, nimeiweka. Na kwa kuwa mmeshafika hapo, niseme lote. Ule mmea alinunuliwa na marehemu mumewe, mwaka aliofariki. Ndiyo maana siwezi kumwambia.

Jicho_la_Darajani: Picha nimeiona, na bilauri, na ule ukuta dirishani. Nisamehe dada, nimekudhania vibaya.

BiMkubwa_Jang'ombe: Mwanangu, mie mjane miaka tisa. Kile kikombe alichokuwa akinywea chai mume wangu kina ufa mdogo karibu na mkono. Ukiniletea kingine kama hicho, rangi ileile, nitakipitisha kidole gizani na nitajua sicho. Nitakushukuru mbele za watu, na usiku nitalia peke yangu. Huo wa Dar usimpe.

FundiMiche: Bi mkubwa kasema. Nami naongeza: kile alichonunua marehemu hakijafa. Kichwa kingali kigumu, kinaweza kubebeshwa shina jingine. Fuoni kwangu nina matunda ya joka, njoo nikukatie kipande. Kisu kikali ukifute kwa spiriti. Kata shina jipya bapa, chonga pembe zake kidogo. Kata kichwa kwa chini mpaka uone nyama safi isiyo na doa la kahawia. Kati ya kila upande utaona duara dogo, ndimo inamopita lishe. Maduara yagusane, hilo ndilo la kuangaliwa. Kaza kwa rababendi toka juu mpaka chini ya chungu. Weka kivulini penye mwanga, maji yasiguse kidonda. Kikishika, maji ni mpaka udongo ukauke kabisa, na chungu kiwe na tundu.

ShungiBuluu: Nimetoka Fuoni sasa hivi. Nilikata mara tatu ndipo doa likaisha, kichwa kimebaki kama kokwa la zambarau tu. Ndani ni waridi, na duara lenyewe dogo kama kichwa cha pini. FundiMiche alinishikia mkono maana ulikuwa unatetemeka. Muuzaji wa Dar nimemuachia ile elfu kumi na tano. Na wifi nimemtumia ujumbe wa sauti, nimesema yote, hata bilauri. Amesikiliza, tiki zimeshakuwa za buluu, hajajibu.

BiMkubwa_Jang'ombe: Muache. Usimtumie wa pili.

FundiMiche: Na hiyo rababendi usiiguse kwa siku kumi, hata ukitamani kuchungulia.

ShungiBuluu: Kajibu. Anauliza, "Umekiweka upande gani wa dirisha?"